Kamati ya Mtoto na Sanduku Letu

(Mazungumzo yaliyosomwa kwa niaba ya wanachama, siku ya kikundi kutimiza miaka 10, Mpanda)






Wapo wenzetu tulioanza nao ambao hawapo tena. Tunawaombea pumziko jema, na tunasema asanteni kwa jasho lao.

Tulipopangiana kazi za sherehe hii, wengi walitaka mazungumzo yawe juu ya faida: tumekopeshana kiasi gani, nani amejenga, nani amenunua mashine ya kukoboa. Hayo mtayasoma katika taarifa ya Mweka Hazina, ukurasa unaofuata. Sisi tuliopewa kazi ya kuzungumza tumeona tuseme jambo jingine, nalo ni la watoto wa mtaa huu, na kazi ya ile kamati inayotakiwa kuwalinda. Mtatuwia radhi kama maneno mengine yatakuwa machungu. Ndugu hawakosi kuambiana ukweli.

Tulikotoka

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 18. Walikuwepo wauza mchele, mama lishe wa stendi, wauza dagaa wanaotoka Karema na Ikola, wakulima wa karanga na mahindi, na mwalimu mmoja aliyetufundisha kujaza daftari. Tulikuwa na mkeka na sanduku lenye kufuli 3. Watu walisema, "Hawa watagombana kabla ya masika." Masika imekuja mara 10, na sanduku lipo.

Sasa hebu tuwaambie habari ya mkopo mmoja.

Mwaka wa 3 wa kikundi, mwenzetu mmoja aliomba mkopo. Kwenye fomu aliandika "biashara ya mchele." Sote tuliokuwa pale mkekani tulijua kwamba pesa ile ilikuwa ya mapishi, sare na godoro. Binti yake alikuwa anaolewa. Binti mwenyewe alikuwa na miaka 15, amemaliza darasa la 7 na matokeo hayakuwa mazuri. Mwanaume alikuwa mtu mzima, ana mashamba na ng'ombe.

Tulifanya kazi yetu kama kawaida. Tulihesabu hisa zake, tukatazama wadhamini wake, tukapiga mahesabu ya riba. Umri wa binti hatukuupigia hesabu. Mkopo ukatolewa, nao ukarejeshwa kwa wakati bila faini. Ukifungua daftari la mwaka ule, utauona kuwa ni miongoni mwa mikopo safi kabisa.

Mwaka uliofuata binti alijifungua kwa taabu kubwa. Mtoto hakuishi, na binti mwenyewe aliugua muda mrefu. Mama yake bado ni mwanachama wetu, yumo hapa leo, na ndiye aliyetupa ruhusa ya kusimulia haya bila jina lake. Tulipomwuliza angependa tuseme nini, alijibu hivi: "Semeni kwamba mlikuwa wengi pale mkekani, na hakuna aliyeniuliza hata swali moja."

Akina mama, hayo ndiyo yaliyotufanya tuzungumze leo.

Serikali ilivyoshughulikia habari ya mtoto

Tusijidanganye kwamba jambo hili limeanza jana. Wakati wa ukoloni palikuwa na sheria ya watoto na vijana ya mwaka 1937. Hiyo ilishughulika zaidi na watoto waliofikishwa mahakamani. Palikuwa na sheria nyingine juu ya matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na kiwango cha juu ambacho baba aliweza kuamriwa kutoa kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Kiwango hicho kilibaki katika vitabu miaka na miaka baada ya Uhuru, mpaka shilingi 100 ikawa haitoshi hata kununua sabuni. Mama aliyekwenda kudai matunzo alirudi nyumbani akiwa amepoteza nauli kubwa kuliko alichopewa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Ipo pia Tume ya Kurekebisha Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Kazi ya tume hiyo ni kuchunguza sheria zetu na kuishauri Serikali zipi zibadilishwe. Mwaka 1994 Tume ilitoa ripoti kuhusu sheria zinazowahusu watoto. Mwaka 1996 ikatoka Sera ya Maendeleo ya Mtoto. Halafu tukangoja. Sheria ya Mtoto, Namba 21, ilipitishwa mwaka 2009. Kutoka ripoti mpaka sheria ni miaka 15. Mtoto aliyezaliwa mwaka ripoti ilipotoka alikuwa ameshamaliza darasa la 7 sheria ilipofika. Zanzibar nao walitunga sheria yao ya mtoto mwaka 2011.

Tunasema hivi si kwa kulaumu. Tunataka tukumbuke kwamba ushauri mzuri unaweza kukaa kwenye kabati muda mrefu kama hakuna wanaoufuatilia.

Sheria hiyo ya 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Inampa haki ya jina, ya kuwajua wazazi wake, ya chakula, matibabu na elimu, na ya kutonyang'anywa matumizi ya mali ya marehemu mzazi wake. Inaunda Mahakama ya Watoto. Inawapa halmashauri na maafisa ustawi wa jamii wajibu wa kumlinda mtoto. Tena ina kifungu kinachotuhusu sisi moja kwa moja: mwanajamii yeyote mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa. Neno ni wajibu, jamani. Hata yule aliyekaa mkekani anaguswa.

Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto. Ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hapo taifa likashtuka. Desemba 2016 Serikali ikazindua Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ule tunaouita MTAKUWWA. Ulikuwa wa miaka 5, kuanzia 2017/18 hadi 2021/22, na lengo lake lilikuwa kupunguza ukatili huo kwa nusu. Awamu ya pili ilizinduliwa mwaka 2024.

Mambo 2 ya mpango ule yatatusaidia leo. La kwanza, uliunganisha mipango 8 iliyokuwa ikienda kila mmoja na njia yake, ukaagiza ziundwe kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa, mkoa, halmashauri, kata, mpaka kijiji na mtaa. La pili, uliweka maeneo 8 ya kazi, na eneo la kwanza kabisa ni kuimarisha uchumi wa kaya. Waliokaa wakaandika walijua kwamba binti wa nyumba yenye njaa ndiye anayeuzwa mapema. Kwa hiyo sanduku letu limo ndani ya mpango wa taifa, tujue tusijue.

Hali ya Katavi

Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012, tulipotengwa na Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilitukuta watu 564,604. Sensa ya 2022 ikatukuta 1,152,958. Tumezidi mara 2 kwa miaka 10, na hakuna mkoa mwingine uliokua kwa kasi hiyo. Watu wamekuja na mifugo, wamekuja kulima mpunga, wamekuja machimboni kutafuta dhahabu. Karibuni sana, ndivyo mji unavyokua. Lakini kila familia inayoshuka kwenye treni au basi inashuka na watoto. Majirani hawawajui, shule haiwajui, na wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Afisa ustawi wa jamii ni mtu mmoja mwenye miguu miwili.

Utafiti wa Afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni. Kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Kitaifa ilikuwa 27. Utafiti wa 2022 ukaonyesha Katavi imeshuka hadi 34, na taifa 22. Tupongezane, kwani kushuka kutoka 45 hadi 34 si jambo dogo. Ila tusianze kucheza ngoma. Msichana 1 katika kila 3 bado ni msichana mmoja wa nyumba ya jirani.

Tena tusilisukumie kabila moja, wala wageni, wala wafugaji. Yule mwenzetu wa mkopo hakuwa mfugaji, wala hakuwa mgeni. Ni sisi.

Kamati inavyofanya kazi, na inapokwama

Mwanachama wetu mmoja amekuwa mjumbe wa kamati ya mtaa kwa miaka kadhaa, na haya tunayoyasema ametusimulia yeye. Kamati inakaa chini ya uongozi wa mtaa. Wamo watu wa shule, wa afya, wa dini, na watoto wenyewe wana wawakilishi wao. Kazi yake ni kusikiliza, kuandika, kushauri, na kupeleka mashauri panapohusika: kwa afisa ustawi, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hospitali, au shule. Si mahakama. Haina haki ya kumfunga mtu, na wala haina haki ya kupatanisha kosa la jinai.

Hapo ndipo inapokwama. Kesi inafika, wazee wanasema, "Hili tulimalize nyumbani." Zinatolewa pesa, mbuzi anachinjwa, mtoto anabaki na maumivu yake. Tuliwahi kufuatilia shauri la mtoto mmoja katika ofisi fulani. Tukaambiwa njoo kesho, kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi. Shahidi akahama, shauri likafa. Hatutaji ofisi, maana hatukuja kushitaki. Tunataja ili mjue kwamba kamati isiyo na nauli, isiyo na daftari, na isiyo na watu wa kusimama nyuma yake, ni kikao tu.

Na lipo jambo la sheria lenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuolewa msichana kuwa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mvulana ni 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi, na Serikali ilikuwa imepewa mwaka 1 wa kurekebisha. Mwaka ule ukapita bila sheria kubadilishwa.

Mwaka 2016 Bunge lilibadilisha Sheria ya Elimu, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Hiyo ni kinga kubwa. Lakini angalieni pengo lililopo: inamlinda mwanafunzi. Aliyemaliza darasa la 7 na kubaki nyumbani, kama yule binti wetu, anakuwa nje ya ukuta. Kama tungemwuliza mama yake siku ile, angeweza kutujibu, "Sheria inaruhusu," na angekuwa sahihi. Ndiyo maana tunasema tusiingoje sheria peke yake. Kikundi kina kanuni zake, na kanuni zetu hakuna anayetuzuia kuziweka juu ya pale sheria iliposimama.

Jambo lililowezekana

Msidhani ni kilio tu. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu ya mimba anaweza kurudi shule. Jirani wa mwenzetu alikuwa na binti wa kidato cha 2 aliyejifungua. Baba alikuwa amekata tamaa, anasema, "Huyu sasa ni mama wa watu." Kamati ikaenda nyumbani mara 3. Mara ya kwanza hawakupewa hata kiti. Mara ya pili baba alisikiliza. Mara ya tatu aliuliza sare ni shilingi ngapi.

Fedha ya sare na madaftari ilitoka kwenye mfuko wetu wa jamii, bibi akabaki na mjukuu, binti akarudi darasani. Amemaliza kidato cha 4. Leo ndiye aliyetusaidia kupiga chapa mazungumzo haya, na kila alipofika hapa alicheka.

Oneni, basi. Ushauri ulitoka kamatini na nauli ikatoka sandukuni. Kimoja bila kingine kisingefika.

Tunachopendekeza

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti wa kikundi, tunaomba yafuatayo yapelekwe kwenye mkutano wetu wa wanachama, yajadiliwe, na yapigiwe kura ya wazi:

1. Kikundi kisitoe mkopo wowote kwa ajili ya mahari, sherehe au maandalizi ya ndoa ya mtoto aliye chini ya miaka 18, awe mwanafunzi au asiwe mwanafunzi. Kamati ya mikopo iwe na ruhusa ya kuuliza, na mwombaji awe na wajibu wa kujibu.

2. Sehemu ya mfuko wa jamii itengwe kwa nauli ya kufuatilia mashauri ya watoto, na kwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa wanachama na majirani wasio na uwezo. Mtoto asiye na cheti umri wake ni wa kubishaniwa, na anayebishana ni mtu mzima.

3. Mjumbe wetu katika kamati ya mtaa atoe taarifa kwenye kikundi kila baada ya miezi 3: mashauri mangapi yamepokelewa, mangapi yamepelekwa mbele, mangapi yamelala. Majina ya watoto yasitajwe kamwe.

4. Tujitazame na sisi wenyewe. Wapo wasichana wanaolea watoto wetu na kupika kwetu, waliotoka vijijini. Sheria ya Mtoto hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14, wala kumpa mtoto kazi ya kumdhuru au ya usiku. Kila mwanachama mwenye msichana wa kazi aseme kwa uaminifu ana umri gani, analipwa nini, na analala wapi.

5. Namba 116, simu ya mtoto, ambayo hailipiwi, iandikwe kwenye kifuniko cha sanduku na kwenye kila kijitabu cha hisa.

Tunajua pendekezo la kwanza litaleta maneno. Wenzetu wawili wameshatuambia kwamba wakizuiwa hapa watakopa kwingine. Ni kweli, pa kukopa papo. Wengine wameuliza, "Mnataka kututawalia watoto wetu?" Hapana, mama. Mtoto ni wako. Lakini hisa zilizo sandukuni ni zetu sote, na kila mwenye hisa ana haki ya kujua pesa yake imekwenda kufanya nini. Siku ile mwaka wa 3, pesa ya mjane, pesa ya muuza dagaa, na pesa ya mwalimu zote zilikwenda kununua lile godoro.

Inawezekana tukapoteza wanachama. Tumelizungumza jambo hilo usiku na mchana, na tumeona ni heri tubaki wachache wenye daftari linalosomeka mbele ya watoto wetu.

Kwa wafadhili na viongozi mliopo, ombi letu ni moja. Kamati za mtaa zimeundwa, watu wanajitolea. Wapeni daftari, wapeni nauli, na taarifa zao zikifika mezani kwenu zijibiwe. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Tunashukuru. Tunaomba pia kamati ya mtoto ikumbukwe wakati wa bajeti, kabla haijakumbukwa wakati wa msiba.

Na kwako wewe binti, ambaye habari yako tumeisimulia na ambaye hukuja leo: tulipaswa kuuliza. Hatukuuliza. Tunakuomba radhi, sote tuliokuwa pale mkekani.

Mkutano wa kupiga kura utakuwa Jumamosi ijayo, saa 9 alasiri, mahali petu pa siku zote. Washika funguo wote 3 wafike mapema. Atakayechelewa, faini yake ni ile ile.